Peptidi ya maabara na peptidi ya hospitali: namna ya kuzitofautisha kabla hujajidunga

Kichupa chenyewe ni kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Kina kifuniko cha alumini cha rangi, na chini kabisa umekaa unga mweupe mkavu. Kwenye lebo kuna jina la peptidi, kuna "10 mg", na kwa herufi ndogo kuliko zote kuna maneno ya Kiingereza yenye maana hii: kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Wakati mwingine hufupishwa kuwa RUO (Research Use Only). Vichupa vya namna hii vinauzwa mtandaoni na kupita kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanaopunguza mwili na wanaojenga misuli, na maneno ya muuzaji huwa yaleyale: "Hii ni ileile ya hospitali, tofauti ni bei tu."

Maneno hayo yanaumiza watu, na ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu. Nimemwandikia mtu aliyeletewa kichupa na bado hajaamua, pamoja na yule ambaye dada au rafiki yake amekwisha kuanza kujidunga na hajui amwambie nini.

Hatua ya 1: Jua jina, kisha jua liko kundi gani

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, vile vipande ambavyo vikiungana kwa wingi zaidi hufanya protini. Oksitosini, anayodungwa mama akishajifungua ili asivuje damu nyingi, ina asidi amino 9. Semaglutidi, dawa ya kisukari iliyopata umaarufu kwa kupunguza unene, ina 31. Insulini ina 51. Kwa hiyo peptidi si kitu kigeni kwetu, bibi mwenye kisukari anajidunga moja kila siku.

Jina ulilotajiwa litaangukia kwenye kundi moja kati ya mawili. Kuna majina ambayo yana dawa iliyoidhinishwa: insulini, oksitosini, semaglutidi (Ozempic iliidhinishwa Marekani Desemba 2017), tirzepatidi (Mounjaro, Mei 2022). Kuna na majina ambayo hayana. BPC-157 ni la kundi hili la pili. Inasifiwa kwa kuponya misuli na kano, lakini sifa hizo kwa sehemu kubwa zimetoka kwa panya wa maabara. Ukikuta jina lako liko huku, maneno ya "ileile ya hospitali" yameishia hapo, maana hospitali haina kitu hicho.

Wanariadha waitazame hatua hii kwa makini. Shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli, WADA, limeipiga marufuku BPC-157 tangu 2022, na kwa kanuni zake mwanariadha anawajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Kijana anayefanya mazoezi Iten au Arusha, anayelisha nyumba kwa mbio za barabarani, anaweza kufungiwa miaka kwa kichupa cha kuponya goti.

Hatua ya 2: Soma lebo yote

Dawa halali ya sindano inaeleza nani ameitengeneza na yuko wapi, namba ya bechi, tarehe ya kuisha muda, kiasi cha dawa katika kila mililita, inadungwa wapi, ihifadhiwe katika joto gani. Ndani ya boksi kuna karatasi ya maelezo yenye orodha ya athari na watu wasiopaswa kuitumia. Ya semaglutidi, kwa mfano, inawakataza waliowahi kuwa na aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo, au wenye ndugu wa damu waliougua saratani hiyo. Kichupa cha utafiti hakina karatasi hiyo, hivyo mwenye historia hiyo hataulizwa na yeyote.

Yale maneno ya "kwa utafiti tu" yapo kumkinga muuzaji. Ukidhurika, atasema alikuuzia kemikali ya maabara na wewe ukaigeuza dawa. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliziandikia barua za onyo kampuni kadhaa zilizokuwa zikiuza semaglutidi na tirzepatidi chini ya maneno hayo, ilhali matangazo yao yenyewe yalionyesha wazi kwamba wanunuzi walikuwa wanatarajiwa kuziingiza mwilini.

Nisieleweke vibaya. Peptidi za utafiti zina kazi ya heshima. Watafiti wa chanjo za malaria, wa Kilifi wakiwamo, huzitumia kuchochea chembe za damu ndani ya visahani vya maabara ili waone kama kinga ya mwili inaitambua malaria. Kwa kazi hiyo peptidi yenye usafi wa asilimia 70 inaweza kutosha kabisa, maana inaishia kwenye kisahani na jioni inatupwa. Haijatengenezwa ikiwaza mshipa wa mtu, na aliyeitengeneza hajadanganya: ameandika kwenye lebo.

Hatua ya 3: Omba cheti cha uchambuzi, na ukisome kwa jicho kali

Hapa ndipo watu wengi hunaswa, kwa hiyo twende polepole.

Muuzaji mwenye bidii atakutumia karatasi iliyoandikwa "usafi: asilimia 99.2", pamoja na grafu. Kwanza linganisha namba ya bechi ya kwenye cheti na ya kwenye kichupa. Hazilingani, au kichupa hakina namba kabisa? Basi cheti hicho ni cha kitu kingine. Pili, angalia nani aliyepeleka sampuli maabara. Mara nyingi ni muuzaji mwenyewe, aliyechagua kichupa anachokitaka akakipeleka kupimwa. Kilichopimwa ni kile, si hiki ulichoshika.

Sasa tazama grafu. Chini kuna mstari wa dakika, tuseme kutoka 0 hadi 30. Mstari wa wino unatambaa umelala, mara unapanda ghafla na kuchora mlima mmoja mrefu, kisha unashuka. Pembeni ya mlima huo, ukikuza picha, utaona vichuguu viwili vitatu. Asilimia uliyosomewa ni eneo la ule mlima mkubwa likilinganishwa na maeneo ya milima yote iliyochorwa. Maana yake: kati ya vitu ambavyo mashine imeviona, asilimia 99.2 ni peptidi hiyo.

Neno la kushika ni "imeviona". Mashine hii humulika mwanga wa urujuanimno, kwa kawaida wa mawimbi ya nanomita 214 au 220, na huona vitu vinavyoufyonza mwanga huo. Maji yaliyonaswa kwenye unga haiyaoni. Chumvi nyingi hazionekani, bakteria hawaonekani, wala metali nzito. Ni sawa na mtu aliyekaa na ungo akachambua mchele, akahakikisha kwamba punje 99 katika 100 ni za Kyela kweli. Amesema kweli kuhusu punje. Kuhusu kilo ngapi zimo guniani, na kama panya alilala humo, hajasema kitu.

Na ile asilimia moja au mbili iliyobaki ni nini? Peptidi hutengenezwa kwa kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, kwa njia aliyoianzisha Bruce Merrifield mwaka 1963 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kila kiungo kinaweza kukosewa. Hutokea minyororo iliyoruka asidi amino moja, mingine yenye moja ya ziada, mingine yenye asidi amino iliyogeuka upande kama mkono wa kushoto mahali pa wa kulia. Hii ya mwisho ina uzito uleule na molekuli sahihi, kwa hiyo hata kipimo cha uzito wa molekuli, ambacho vyeti vingi hujivunia, peke yake hakiigundui.

Kiwanda cha dawa kinatakiwa kukifuatilia kila kichuguu: ni nini, kimetoka wapi, kina madhara gani. Mwongozo wa FDA wa mwaka 2021, unaohusu baadhi ya peptidi zinazoigwa na viwanda vingine kwa njia ya kemia, unasema uchafu mpya wa aina ya peptidi ambao haumo kwenye dawa ya kwanza inayoigwa usizidi asilimia 0.5, na hata huo utolewe hoja kwamba hauleti hatari. Ukali huo una sababu. Mwili ukikutana na mnyororo unaofanana na homoni yake lakini si yenyewe, kinga inaweza kuamka na kuushambulia.

Hata dawa iliyopita mitihani yote huendelea kufuatiliwa. Peginesatide, peptidi ya kuongeza damu kwa wagonjwa wa figo, iliidhinishwa Marekani Machi 2012. Februari 2013 ilirudishwa kutoka sokoni kwa sababu baadhi ya wagonjwa walipata mzio mkali na wengine kufa muda mfupi baada ya dozi ya kwanza. Vifo vilikuwa vichache sana vikilinganishwa na idadi ya waliodungwa, lakini vilionekana, kwa kuwa kulikuwa na watu ambao kazi yao ni kuhesabu. Wanaojidunga vichupa vya mtandaoni hawahesabiwi na mtu.

Hatua ya 4: Tafuta vipimo ambavyo havimo kwenye cheti

Uliza mambo mawili: bechi hii imepimwa kuwa haina vijidudu? Imepimwa endotoksini? Kwa sehemu kubwa jibu litakuwa kimya, au utarudishiwa ile asilimia ya usafi.

Endotoksini ni mabaki ya ukuta wa aina fulani za bakteria. Bakteria akifa, mabaki haya hubaki na nguvu yake. Yakiingia kwenye damu huleta homa, kutetemeka, na kwa kiasi kikubwa huangusha shinikizo la damu. Tatizo ni kwamba hayaondoki kwa urahisi. Kuchemsha hakuyamalizi, na kichujio cha kawaida kinachozuia bakteria huyaachia yapite. Kwenye viwanda, vichupa vitupu huunguzwa kwa joto kavu la takriban nyuzi 250 kabla ya kujazwa. Kikomo kinachotumika kwa dawa nyingi za sindano ni uniti 5 za endotoksini kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa saa. Na wapo wanaodhani kwamba unga uliokaushwa kwa baridi kali hauwezi kuwa na vijidudu. Kinyume chake: ukaushaji wa namna hiyo ndio maabara hutumia kuwahifadhi bakteria wakiwa hai kwa miaka.

Ukitaka kuona uchafu unafanya nini, soma historia ya insulini. Tarehe 11 Januari 1922, katika hospitali moja ya Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dondoo ya kongosho iliyoandaliwa na watafiti Banting na Best. Sukari ilishuka kidogo tu, na pale sindano ilipoingia pakatunga usaha. Sindano zikasimamishwa. Mkemia James Collip akakaa na ile dondoo akiisafisha. Tarehe 23 Januari kijana akadungwa tena, na safari hii sukari ikashuka kweli, akaanza kupata nguvu. Mgonjwa alikuwa yuleyule, na homoni ni ileile. Collip aliondoa vilivyokuwa vimefuatana nayo.

Hatua ya 5: Usiuamini uzito wa kwenye lebo

Hata kama peptidi ni safi, bado hujui iko kiasi gani. Ikitoka kiwandani huwa imeshikamana na chumvi, mara nyingi za asidi ya trifloroasetiki inayotumika kuitengeneza na kuisafisha, na huvuta unyevu. Ukipima miligramu 10 za unga, peptidi halisi ndani yake inaweza kuwa 7 au 8. Kiwanda cha dawa hupima kiasi halisi na kuandika hicho, na kwa kawaida hubadilisha chumvi ile kuwa aina inayokubalika mwilini. Muuzaji wa mtandaoni anaweza kuandika uzito wa unga wote, au kuongeza kidogo ili mteja asilalamike. Vichupa viwili vya boksi moja vikatofautiana.

Juu ya hayo kuna hesabu ya kuyeyusha unga na kuvuta kwa sirinji yenye alama za uniti za insulini, kazi aliyoachiwa mtu jikoni kwake usiku. Julai 2024 FDA ilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi ya kwenye vichupa iliyochanganywa na famasia: wagonjwa kadhaa walikuwa wamejidunga mara 5 hadi 20 ya dozi waliyoandikiwa, baadhi wakalazwa hospitali. Na hao walikuwa na cheti cha daktari. Kalamu ya kiwandani imetengenezwa ili hesabu hiyo isiwepo: unazungusha hadi namba, unabonyeza.

Kwa sababu hii sitaandika hapa namna ya kuyeyusha wala kupima. Hesabu nzuri juu ya namba isiyoaminika haimsaidii mtu.

Hatua ya 6: Uliza imesafiri vipi

Oksitosini inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na wauguzi wetu wanajua taabu yake umeme ukikatika. Ndiyo maana jaribio kubwa lililoongozwa na WHO, lililotoa matokeo mwaka 2018 na kuhusisha takriban akina mama 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo, lilipima karbetosini, dawa ya kazi hiyohiyo ya kuzuia kuvuja damu, ya aina inayovumilia joto. Kalamu ya Ozempic ambayo haijafunguliwa nayo hukaa kwenye friji, na ikigandishwa haifai tena. Sasa fikiria bahasha iliyotoka ng'ambo, ikakaa ghala la forodha, ikaja kwa bodaboda saa nane mchana Dar. Unga mkavu unavumilia kuliko maji, hilo ni kweli, lakini unavumilia kwa muda gani kwa bechi hii hajapima mtu.

Hatua ya 7: Tafuta usajili, na ukague hata kalamu

Tanzania Bara dawa husajiliwa na TMDA, Zanzibar ni ZFDA, Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu, Uganda ni NDA, Rwanda ni Rwanda FDA. Ingia kwenye tovuti ya mamlaka ya nchi yako, au muulize mfamasia wa duka lenye leseni akutafutie: dawa hii, ya mtengenezaji huyu, imesajiliwa? Ikiwa umeambiwa "ipo njiani kusajiliwa", jibu ni haijasajiliwa.

Usitulie kwa kuwa umeona boksi zuri. Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazili, Uingereza na Marekani. Oktoba 2023 nchini Austria watu kadhaa walilazwa baada ya kutumia kalamu bandia. Walishukiwa kudungwa insulini, maana sukari yao ilishuka vibaya na wengine wakapata degedege. Kwa hiyo linganisha namba ya bechi ya boksi na ya kalamu, kagua tahajia ya lebo, nunua mahali penye risiti na mfamasia unayeweza kumrudia.

Najua bei ndiyo inayowasukuma wengi, na simlaumu mtu anayepigania mwili wake kwa kipato kidogo. Lakini bei nafuu ina njia yake halali. Septemba 2025 WHO iliingiza semaglutidi, tirzepatidi na nyingine mbili za jamii hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari, na hataza ya semaglutidi nchini India, yaani haki ya mtengenezaji mmoja pekee, ilipangwa kuisha mwaka 2026, jambo linalofungua mlango kwa viwanda vingine kuitengeneza kwa bei ya chini. Muulize mfamasia wako kila baada ya miezi michache kama kuna iliyosajiliwa hapa. Muulize daktari pia kama tatizo lako linahitaji peptidi kabisa, maana metformini ya vidonge bado inafanya kazi nzuri kwa wagonjwa wengi wa kisukari, na bei yake ni ndogo.

Hatua ya 8: Kama umekwisha kujidunga

Acha sindano inayofuata, lakini usitupe kichupa. Ukitokwa jasho jingi, ukitetemeka, ukachanganyikiwa au moyo ukaenda mbio, huenda sukari imeshuka: kama bado unaweza kumeza, kunywa soda ya sukari au juisi, na upelekwe hospitali mara moja. Usilale ukitegemea kuamka na nafuu. Uso au ulimi ukivimba, au pumzi ikikaza, hiyo ni dharura, usisubiri asubuhi. Homa yenye kutetemeka, au uvimbe mwekundu wenye maumivu pale ulipodunga, inataka daktari siku hiyohiyo. Tumbo kuuma sana bila kukoma, hasa likipenya hadi mgongoni, kunaweza kuwa dalili ya kuvimba kwa kongosho.

Ukifika, mwambie daktari ukweli wote bila kuona aibu: jina lililoandikwa, ulidunga kiasi gani, lini, mara ngapi, na nani mwingine anatumia kichupa au sindano zilezile. Mpe kichupa, sirinji, bahasha iliyokuja nacho, na picha za mazungumzo na muuzaji. Muombe ajaze fomu ya taarifa ya madhara ya dawa na kuipeleka kwenye mamlaka. Kama hakuna dalili yoyote, weka kichupa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na watoto na mbali na friji ya chakula, ukipeleke ofisi ya mamlaka ya dawa iliyo karibu au kwa mfamasia wa wilaya pamoja na sirinji ulizokwisha kutumia ndani ya chupa ngumu yenye kifuniko.